Angalia mahali kwanza: safari ya kanuni za dharura kutoka Ras Kazone hadi Segera

Januari 2025, usiku, ilitokea ajali ya gari eneo la Segera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Watu wakatoka, kama tunavyofanya siku zote, wengine kusaidia na wengine kutazama. Wakiwa bado wamekusanyika pale barabarani, likaja lori likawaparamia. Watu 11 walifariki na 13 wakajeruhiwa. Dakika chache kabla ya hapo walikuwa wazima, hawana hata mchubuko.

Kama umewahi kupita Segera, unaijua ile njia panda. Ukitoka Chalinze, ukikata kulia unaenda Muheza na Tanga mjini; upande wa pili ni Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi na Arusha. Malori, mabasi, Noah na bodaboda vyote vinagombea lami moja. Februari 2023, jirani tu, wilayani Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyobeba watu waliokuwa wakisindikiza mwili wa marehemu kwenda kuzikwa Moshi, na vifo 17 viliripotiwa siku hiyo hiyo. Ukanda huu una historia ndefu ya watu wa kawaida kujikuta ndio waokoaji.

Sasa basi, kwenye mafunzo ya watoa huduma ya dharura popote duniani, swali la kwanza silo "mgonjwa yuko wapi?" Swali la kwanza ni "hapa nilipo, pana usalama?" Likishajibiwa hilo, ndipo yanakuja mengine, kwa mpangilio ambao hauruhusiwi kurukwa. Mpangilio huo haukushuka kutoka mbinguni. Una tarehe zake, una watu wake, na kila kipande chake kimelipiwa. Sehemu kubwa ya hadithi hiyo ilitokea Ulaya na Marekani, lakini nataka uone vipande viwili vilivyotokea hapa hapa mkoani Tanga: kimoja ufukweni mwaka 1914, kingine Muheza kati ya 2009 na 2011. Cha pili kilibadilisha miongozo ya dunia.

Nyuki, mabomu ya uongo na bendera nyeupe

Novemba 2, 1914, manowari ya Kiingereza HMS Fox ilifika mbele ya Tanga ikiongoza meli zilizobeba wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wa Jeshi la India. Mjini Wajerumani hawakuwa na jeshi la maana siku ile. Nahodha wa Fox, Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akamtaka asalimishe mji, na akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu. Auracher akaomba muda, akarudi nchi kavu, na hakuonekana tena. Waingereza wakatumia muda wa thamani kusafisha bahari mabomu ambayo hayakuwepo, huku Paul von Lettow-Vorbeck akiteremsha askari wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Jenerali Aitken, aliyeongoza uvamizi, alishusha watu wake Ras Kazone bila upelelezi wa maana, akiamini upinzani utakuwa mdogo.

Novemba 4 wakasonga mbele kupitia mashamba na vichaka. Risasi zilipoanza, mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ikavurugwa, na nyuki wakawashambulia wanajeshi bila kuuliza pasipoti. Waingereza wengine waliamini ni mtego wa Mjerumani, lakini nyuki waliuma pande zote mbili. Ndiyo maana mpaka leo vinaitwa Vita vya Nyuki. Walipopanda tena melini Novemba 5, upande wa Waingereza ulikuwa na watu zaidi ya 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, mbele ya jeshi lililokuwa dogo kuliko lao mara kadhaa.

Wanahistoria wa vita wamelijadili sana kosa la Aitken, na sitaki kugeuza vifo vya watu kuwa somo la huduma ya kwanza. Ila angalia makosa yenyewe yalivyopangana. Hatari isiyokuwepo ilichukua muda wote, hatari iliyokuwepo haikuchunguzwa, na ile ambayo hakuna aliyeifikiria ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vyao. Mtoa huduma wa leo anafundishwa kusimama kidogo kabla hajakaribia na kuangalia mbele, chini, nyuma na juu. Kule juu ndiko kwenye nyaya za umeme, matawi yaliyovunjika na, ndiyo, nyuki.

Kilichofuata baada ya mapigano kinatuhusu zaidi. Hospitali ya Wajerumani ilikuwa pale pale karibu na uwanja wa vita, na ikapokea majeruhi wa pande zote. Waingereza walituma ujumbe kwa bendera nyeupe, na majeruhi wao ambao hawakuweza kusafirishwa wakabaki chini ya uangalizi wa adui. Mjumbe mmoja, Kapteni Meinertzhagen, aliacha maelezo matamu sana ya siku ile, ila msomaji uwe makini: wanahistoria wamegundua bwana huyu alikuwa na tabia ya kutunga. Majeruhi kutibiwa hospitalini pale ni jambo la hakika. Leo eneo hilo ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na jengo la zamani la Wajerumani, Cliff Block, bado linatazama bahari.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya daktari wa pale. Majeruhi ni wengi, mikono ni michache. Nani kwanza?

Jibu la swali hilo lilikuwa tayari na zaidi ya miaka mia moja. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji katika jeshi la Napoleon, alisisitiza kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, bila kujali cheo. Wafaransa wakaliita tendo hilo kwa neno lenye maana ya kuchambua, kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo. Kwenye jeshi ambalo ofisa alizoea kutangulizwa katika kila kitu, hilo lilikuwa jambo la kushtua.

Kwenye makoloni, kanuni ya Larrey ilifika nusu. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu na hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeifadhili, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Yaani mchele ulichambuliwa kwa rangi kabla haujaangaliwa una mawe au hauna. Na vita ile ile iliyoanza Tanga ilikuja kuua wapagazi wengi kuliko askari, maelfu kwa maelfu, zaidi kwa magonjwa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina Kariakoo tunalotamka kila siku linatokana na jeshi hilo la wapagazi. Mtu akianguka na mzigo kichwani porini, aliyempima kama anaweza kuendelea alikuwa ni msimamizi mwenye haraka ya kufika.

Kwa nini hewa kabla ya damu

Turuke hadi katikati ya karne ya 20. Hapa nitapita haraka mpaka tufike Nebraska.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Peter Safar alionyesha kwamba mtu aliyezimia anaweza kufa kwa sababu ya ulimi wake mwenyewe. Misuli ikilegea, ulimi unarudi nyuma na kuziba koo. Kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu kunafungua njia. Kutoka hapo ikaja alfabeti ya kuokoa maisha: njia ya hewa, halafu upumuaji, halafu mzunguko wa damu. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow wakatoa kipimo cha fahamu, ambacho leo kina alama 3 hadi 15, kinachotazama macho, maneno na mwendo wa viungo. Kabla ya hapo daktari mmoja angeandika "amezimia kidogo" na mwenzake akaelewa kitu kingine kabisa.

Halafu Februari 17, 1976, daktari wa mifupa James Styner alikuwa akirusha ndege yake ndogo na familia yake ikaanguka shambani, Nebraska. Mke wake alifariki. Yeye na watoto wanne waliumia, watatu kati ya watoto hao vibaya sana. Aliwatoa watoto kwenye mabaki ya ndege gizani, kwenye baridi, akawapima mmoja mmoja, mpaka akapata gari la kuwafikisha hospitali ndogo ya karibu. Alichokiona hospitalini kilimuudhi kuliko ajali yenyewe: waliompokea hawakuwa na utaratibu wowote wa kumtathmini majeruhi mahututi. Kwa maoni yake, yeye mwenyewe porini aliwahudumia watoto wake vizuri zaidi. Mwaka 1978 kozi ya kwanza ilifundishwa katika mji wa Auburn, Nebraska, na 1980 chama cha madaktari wapasuaji wa Marekani kikaichukua na kuisambaza duniani.

Uzito wa kozi ile ulikuwa katika wazo moja: usisubiri kujua ugonjwa. Shuleni tunafundishwa kukusanya historia, kupima, kufikiri, kisha kutibu. Styner na wenzake wakasema tibu kinachoua haraka zaidi pale unapokiona, kisha endelea kutafuta. Njia ya hewa ikiziba, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Mapafu yakishindwa, una muda kidogo zaidi. Damu ikivuja, mara nyingi una muda zaidi ya hapo. Ndiyo maana herufi zinafuatana hivyo: hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, halafu kumfunua mwili mzima uone ulichokosa, na kumfunika tena asipoteze joto. (Jeshini, baada ya vita vya Iraq na Afghanistan, damu inayomwagika kwa kasi ikasogezwa mbele ya vyote, kwa sababu mshipa mkubwa wa paja ukikatika hausubiri alfabeti.)

Sasa nikuulize. Majeruhi wawili wako chini. Mmoja anapiga kelele mpaka kijiji kinasikia. Mwingine ametulia, anajibu polepole, anasema ana kiu. Utamkimbilia nani?

Anayepiga kelele amekupa taarifa nyingi za bure. Njia yake ya hewa iko wazi, mapafu yanasukuma hewa, ubongo unapata damu ya kutosha kulalamika. Yule mtulivu ndiye wa kutisha. Mtu mzima ana damu takribani lita 5. Akipoteza mpaka asilimia 15 hivi, unaweza usione chochote. Akiendelea kupoteza, moyo unaongeza kasi na mishipa ya mikono na miguu inabana ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Mikono inakuwa ya baridi, anahema haraka, anapata kiu, anachanganyikiwa. Presha yenyewe inaweza kubaki karibu na kawaida mpaka amepoteza kama theluthi moja, na ikianza kushuka, umeshachelewa. Na damu haihitaji kuonekana: mfupa wa paja uliovunjika unaweza kuficha zaidi ya lita moja ndani ya paja.

Hapo kuna jambo vitabu vingi vinalipita juu juu. Vinasema mtazame kama "amepauka". Vimeandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwetu unatazama viganja, ndani ya mdomo, ulimi, na upande wa ndani wa kope la chini. Wauguzi wetu wanalijua hili tangu zamani kwa watoto wenye upungufu wa damu, wanaita weupe wa viganja. Kisha unabonyeza ukucha mpaka ubadilike rangi, unaachia, unahesabu. Damu ikirudi ndani ya sekunde 2, vizuri. Ikichelewa, mwili umeanza kubania damu.

Kubonyeza huko kwa ukucha, kitu kidogo kisichohitaji hata betri, ndiko kunakotupeleka Muheza.

Muheza iliyoshangaza dunia

Katika hospitali zetu mtoto mgonjwa sana kwa kawaida haji na ajali, anakuja na homa. Mikono ya baridi, moyo unakimbia, ukucha unachelewa kurudi rangi, amelegea mgongoni kwa mama yake. Ukimpima kwa mpangilio ule ule, unakwama kwenye mzunguko wa damu. Na kwa miaka mingi miongozo ya nchi tajiri ilisema ukikwama hapo, mpe maji ya dripu mengi kwa haraka. Mantiki yake inaeleweka hata kwa mwanafunzi wa sekondari: mishipa imepungukiwa, ijaze.

Kati ya 2009 na 2011, watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland walilipima wazo hilo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Teule, pale Muheza. Utafiti uliitwa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji yenye albumini kwa haraka, na kundi la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, walipata dripu ya kawaida ya taratibu na matibabu mengine yote. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, katika makundi yaliyopewa maji ya haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilopewa walikufa asilimia 7.3. Tafsiri yake kwa lugha ya wodini: katika kila watoto 100 waliopewa tiba iliyoaminika, watatu hivi walikufa ambao huenda wangeishi.

Wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani hawakuamini. Walisema labda watoto walijaa maji mapafuni, labda ni malaria tu, labda hospitali hazikuwa na mashine. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka, na madhara yalionekana kwa wenye malaria na wasio nayo. Maelezo mojawapo yanayojadiliwa ni kwamba ule ubanaji wa mishipa ulikuwa kinga, mwili ukijihami, na maji ya ghafla yanauvuruga. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: dalili moja au mbili za mzunguko dhaifu hazitoshi. Mtoto ahesabiwe yuko katika mshtuko akiwa na zote tatu kwa pamoja, yaani mikono na miguu ya baridi, ukucha unaochelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu yanayokwenda mbio. Hata huyo, maji yapewe taratibu zaidi kuliko zamani.

Mimi naliona hili kuwa tukio kubwa kuliko linavyosimuliwa mashuleni kwetu. Kanuni iliyotungwa kwingine, kwa watoto wa kwingine, ilipelekwa Muheza ikapimwa kwa watoto wa Muheza, ikashindwa. Na kuna tokeo lingine ambalo vichwa vya habari vililisahau. Kabla ya utafiti kuanza, wahudumu wa hospitali hizo walifundishwa upya kumpima na kumpanga mtoto mahututi, na wakapewa vifaa vya msingi. Vifo kwa ujumla vikawa vichache kuliko watafiti walivyotarajia. Utaratibu wa kutazama, peke yake, ulikuwa ukifanya kazi yake kimya kimya.

Anayefika kwanza

Tanzania ilipata idara yake ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma Januari 2010, Muhimbili. Ukifuata ukoo wa Muhimbili unarudi kwenye Princess Margaret ya miaka ya 1950, na nyuma yake ile ile Sewa Haji. Mwaka huo huo chuo kikuu cha MUHAS kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura, na wa kwanza wakahitimu 2013. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wakatoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura iliyotungwa mahususi kwa hospitali zisizo na mashine nyingi, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi ilikojaribiwa.

Yote hayo yako ndani ya geti la hospitali. Nje ya geti, kati ya Segera na Bombo, kuna karibu kilomita 70 za wewe na mimi: bodaboda, makondakta, mama ntilie, wavuvi. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure. Aliyepokea simu anauliza maswali kwa utaratibu, anampima mtu asiyemwona, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Polisi ni 112, zimamoto 114. Majeruhi wa barabarani kwa sehemu kubwa anabebwa na gari la kwanza lililokubali kusimama.

Kwa hiyo turudi barabarani Segera, usiku. Madereva wetu wana alama yao ya usalama ya zamani kuliko pembetatu za plastiki: matawi ya miti yaliyotandikwa lami, mbali kabla ya gari lililoharibika. Hiyo ni tathmini ya mahali kwa Kiswahili. Kosa ni kwamba mara nyingi tunayaweka hatua kumi tu kutoka kwenye gari, na lori lililoshiba mzigo halisimami kwa hatua kumi. Mtu mmoja apelekwe nyuma sana na tochi ya simu, mwingine mbele, na wote wasio na kazi watoke barabarani. Kama kuna harufu ya petroli, hakuna sigara, hakuna dumu. Agosti 10, 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka, na waliokufa walipita 100. Wengi tuliwacheka na kuwalaumu. Ila kundi kama lile hukusanyika kwenye kila ajali, petroli iwepo isiwepo.

Majeruhi wakiwa wengi, kuna njia iliyobuniwa California mwaka 1983 ambayo inaanza na sentensi moja kwa sauti kubwa: anayeweza kutembea aje huku. Wanaokuja wanasubiri. Waliobaki unawapitia mmoja mmoja, chini ya dakika kila mtu, ukitazama kama anapumua na kwa kasi gani, damu inarudi ukuchani au hairudi, anafuata agizo dogo kama "nishike mkono" au hafuati. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, unaendelea na mwingine. Hapo ndipo pagumu, na hasa akiwa ni ndugu yako.

Fahamu unaipima kwa ngazi nne: macho wazi mwenyewe, anajibu sauti, anajibu maumivu tu, kimya kabisa. Usimpe maji hata akiomba, kwa sababu ulegevu wa koo na tumbo lililojaa vitamziba. Usimbebe mikono na miguu kama gunia, shingo inaning'inia. Na PF3? Imani ya kwamba lazima upitie polisi kwanza imechelewesha watu wengi. Msimamo wa serikali umekuwa kwamba dharura itibiwe, fomu ifuate.

Halafu yanabaki maswali ya mdomo, ambayo kitaalamu yanaitwa historia na mtaani ni umbea wa lazima. Inakuuma wapi, mama? Kuna dawa inayokudhuru? Unatumia dawa gani, za presha, za sukari, za mganga? Zote zitaje, hakuna wa kukucheka. Umekula saa ngapi? (Na hapa tahadhari: "saa nane" ni ya mchana au ya usiku? Muuguzi ataandika 14 au 02, na mpasuaji ataitegemea.) Nini kilitokea? Swali hili la mwisho ukanda wa Tanga una sababu ya kulisikiliza kwa sikio la pili. Uvuvi wa baruti umekuwa kero ya pwani hii kwa miaka mingi, na ni kosa la jinai. Mtu akiletwa na mkono uliosambaratika akiogopa kesi, atakwambia ni injini ya boti. Mlipuko unaweza kuumiza mapafu na masikio bila kidonda cha nje, na anayeamini ni injini atatazama mkono peke yake. Ukimhakikishia kwamba hapa unaulizwa ili utibiwe, mara nyingi mdomo unafunguka.

Ukifika naye Bombo, kila ulichokiona njiani kina bei. Kondakta akisema tu "ni ajali, dokta, msaidieni," daktari anaanza upya kutoka sifuri. Akisema "Muheza alikuwa anaongea na anajua jina lake, tulipofika Pongwe akawa anajibu mpaka umtikise, hajala tangu asubuhi," daktari ameshajua kwamba kuna kitu ndani ya kichwa au tumbo kinachokwenda kwa kasi, na ameanza kuita watu wa chumba cha upasuaji kabla machela haijasimama.